Kuirudishia Ardhi Sura Yake ya Siku ya Vita

Katika historia za vita, ardhi ni shahidi ambaye ni nadra kuulizwa. Waandishi hutaja majina ya majemadari, hesabu ya mizinga na tarehe za hujuma, kisha hupita. Ilhali kilima kilichowaficha watetezi, mto uliowazuia washambulizi, na msitu uliositiri jeshi zima machoni pa adui huachwa nyuma kana kwamba vilikuwa pambo la kisa, wala si sababu yake. Mtu aweza kusoma kitabu kizima cha vita akakimaliza asijue kwa nini kikosi fulani kilipita kushoto badala ya kulia, kwa kuwa jibu halimo katika fikra za jemadari, limo katika mteremko wa nchi. Nao mteremko hausomeki vema katika karatasi iliyolala bapa juu ya meza.

Imezuka katika zama zetu sanaa moja ambayo imemleta shahidi huyu mbele ya baraza. Nayo ni sanaa ya programu za kompyuta zinazoiga urushaji wa ndege, ambazo wapenzi wake huziita simuleta. Mtumiaji huketi mbele ya kioo, mkono juu ya usukani, akaiona nchi ikipita chini yake jinsi rubani anavyoiona. Na kwa kuwa wengi wa wapenzi hao ni wapenzi wa taarikhi pia, haikuchukua muda kabla hawajataka kuruka juu ya nyanja za vita vya kale, katika ndege za siku zile, ili waone walichokiona waliokuwako. Hapo ndipo lilipozuka suala ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: je, nchi ile iliyomo ndani ya kompyuta ni nchi ile ile iliyopiganiwa? Jibu, aghalabu, ni kwamba siyo. Na kazi ya kuifanya iwe ndiyo ni kazi ngumu, yenye elimu nyingi ndani yake, na yenye dhima kubwa kuliko mtu anavyodhani anapoisikia ikiitwa mchezo.

Nchi ndani ya kompyuta

Simuleta za kwanza hazikuwa na nchi ya kusema. Bruce Artwick, Mmarekani aliyetunga programu ya namna hii mwanzoni kabisa mwa zama za kompyuta za nyumbani, miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika, aliweza kuichora ardhi kwa mistari michache iliyokatana na vilima viwili vitatu vya pembe tupu. Na hata hivyo tangu siku hizo alitia ndani yake mapigano ya angani ya Vita Vikuu vya Kwanza, jambo linaloonyesha kwamba ndoa baina ya simuleta na historia ya vita ni ya tangu asili. Mwaka 2001 ilitoka IL-2 Sturmovik, iliyotungwa Urusi, ikiwa na ramani za medani za mashariki ya Ulaya zenye mito, vijiji na misitu. Na tarehe 18 Agosti 2020 kampuni ya Microsoft, pamoja na watunzi wa Asobo wa mjini Bordeaux, Ufaransa, ilitoa simuleta iliyoutwaa ulimwengu mzima kutoka katika picha za setilaiti na za ndege, kiasi kwamba mtu aliyezaliwa Tanga au Lamu aweza kwenda kuutafuta mtaa wake na kuuona.

Ramani ya simuleta ina tabaka tatu. Tabaka ya chini ni vimo: wavu wa nukta nyingi mno, kila nukta ikiwa na tarakimu moja inayosema mahali pale ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na kompyuta ikizitandika nukta hizo hata zikawa mabonde na milima. Tabaka ya pili ni picha, ambayo hufunikwa juu ya vimo ili nchi ipate rangi yake ya majani, mchanga na maji. Tabaka ya tatu ni vitu vinavyosimama: miti, nyumba, madaraja, njia za reli. Tabaka hizi zikiafikiana, jicho huridhika. Zikitofautiana, mto hupanda mlima na barabara hutumbukia baharini.

Vimo vinavyotumiwa na wengi vilipatikana kwa safari moja ya chombo cha angani. Mwezi Februari 2000, chombo cha Kimarekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada mbili zilizotenganishwa kwa mlingoti mrefu, kikaipima nchi yote iliyo baina ya nyuzi 60 kaskazini na nyuzi 56 kusini, na kikaleta hazina ya vimo ambamo kila nukta iko mbali na jirani yake kwa kadiri ya mita 30. Ni kazi tukufu, na kila apendaye ramani ana deni kwayo. Walakini ina sharti mbili ambazo mtafuta historia hana budi kuzikumbuka. Sharti ya kwanza ni kwamba iliipima dunia ya mwaka 2000, wala si ya 1944 wala ya 1915. Sharti ya pili ni kwamba mahali penye msitu mnene rada ile haikufika kwenye udongo. Ilirudi kutoka katika matawi, na kwa hiyo ikaandika kimo cha msitu kana kwamba ni kimo cha nchi.

Mito iliyozuiwa na bahari iliyokaushwa

Ili msomaji aone jinsi sharti ya kwanza inavyoweza kumpoteza mtu, na tuende kwanza katika mji wa Volgograd, Urusi, ambao mwaka 1942 uliitwa Stalingrad. Majeshi ya Kisovieti yaliyazingira majeshi ya Kijerumani mahali pale, na mzingo huo ukafungwa tarehe 23 Novemba 1942 katika eneo la Kalach, penye mto Don. Mtu akiichukua picha ya setilaiti ya leo na kuirukia, atauona mfereji mkubwa ukiunganisha Volga na Don, uliofunguliwa mwaka 1952. Atayaona maji mapana ya bwawa la Tsimlyansk, lililojazwa katika miaka hiyo hiyo, yamelala juu ya bonde ambalo zamani lilikuwa mbuga na vijiji. Na juu ya kilima cha Mamayev, ambacho wanajeshi walikitambua kwa kimo chake cha mita 102, ataikuta sanamu ya mwanamke mwenye upanga yenye urefu wa mita 85, iliyozinduliwa mwaka 1967. Hata uwanja wa Gumrak, uliopokea ndege za Wajerumani katika siku zao za mwisho za njaa na theluji, leo ni uwanja wa ndege wa abiria. Hakuna hata kimoja katika hivi kilicho cha uongo. Vyote ni vya kweli, lakini ni kweli ya siku nyingine, na kweli ikiwekwa katika siku isiyo yake huwa sawa na uongo.

Uholanzi mambo ni kinyume chake: huko si nchi iliyozama bali ni maji yaliyofanywa nchi. Marubani waliovuka anga ya Uholanzi kuelekea Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili waliona chini yao maji mapana ya IJsselmeer, nao walijua kuwa waking'olewa angani hapo wataangukia majini. Sehemu kubwa ya maji yale ilikaushwa mwaka 1957 na mwaka 1968, na leo ni mashamba yaliyonyooka na miji yenye maelfu ya watu. Mtunzi wa ramani ya 1944 asiyeizamisha tena nchi hii amewapa marubani wake mahali pa kutua ambapo wenzao wa kweli walipakosa.

Na Normandy, Ufaransa, tofauti imefichika zaidi, kwa hiyo inahitaji jicho kali zaidi. Nchi ile mwaka 1944 ilikuwa imegawanywa katika vitalu vidogo vidogo vya mashamba, kila kitalu kikizungushwa tuta la udongo lililooteshwa miti na vichaka. Na matuta haya ndiyo yaliyovizuia vifaru, yakawaficha watetezi, na kuzivunja ndege zisizo na injini zilizotua na askari usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni. Baada ya vita, katika kuyaunganisha mashamba ili trekta zipate nafasi, matuta mengi yaling'olewa. Mtu anayeruka juu ya picha ya leo huona mashamba mapana yaliyo wazi, akashangaa kwa nini majeshi makubwa kama yale yalitumia majuma mengi kusonga mbele masafa madogo. Na mshangao huo hautokani na historia, umetokana na ramani iliyomdanganya.

Vita vilivyopiganwa kwetu

Mifano hii ni ya mbali, nasi tuna yetu. Tarehe 12 Februari 1916, katika kilima cha Salaita karibu na Taveta, mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele cha kilima kwa bidii kubwa, ilhali askari wa jeshi la Kijerumani, wengi wao Waafrika, walikuwa wamekaa katika mahandaki yaliyochimbwa chini, kwenye miguu ya kilima, yakiwa yamesitiriwa na vichaka vya miiba. Na washambulizi walipokaribia walirudishwa nyuma kwa hasara. Eropleni zilikwisha kuwako katika medani ile, lakini jicho la angani lilishindwa na kichaka. Mtu aiigaye siku ile katika simuleta, akapanda nyasi fupi mahali palipokuwa na miiba minene, ameondoa sababu ya ushindi na ya kushindwa kwa pamoja. Na nyuma ya medani hiyo umesimama Kilimanjaro, ambao mwaka 1912 ulikuwa na barafu ya eneo la kilomita za mraba 12 hivi, na ambao sasa haukubakiwa na hata mbili; basi picha ya setilaiti ya leo humpa rubani wa 1916 mlima usio na kilemba chake cheupe, uliokuwa alama yake kubwa ya kujua njia.

Lakini hakuna mahali katika pwani yetu panapofundisha somo hili kama delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, yenye urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya milimita 105, ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Kisha, ikiwa na mashine iliyohitaji kutengenezwa na makaa machache, ikajificha ndani ya delta chini ya nahodha wake Max Looff. Waingereza waliitafuta pwani nzima. Karatasi zilizopatikana Lindi katika meli ya Kijerumani ziliwapa fununu ya makaa yaliyopelekwa Salale, huko deltani, na mwishoni mwa Oktoba mabaharia wa manowari Chatham waliiona milingoti ikichomoza juu ya mikoko. Lakini kuiona milingoti ni jambo moja, na kuifikia manowari yenyewe ni jambo jingine: manowari kubwa hazikuweza kupita katika milango ya delta kwa uchache wa kina, ramani zao za bahari hazikuwaonyesha vya kutosha mikondo ya ndani, na kuta za mikoko ziliukata kila mstari wa macho.

Ndipo ndege ikahitajiwa, na ndipo ardhi, maji na hewa ya Rufiji vilipoanza kuitesa ndege. Raia mmoja aitwaye Dennis Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho ya urushaji Afrika Kusini, aliletwa na ndege ya majini ya Curtiss hadi kisiwa kidogo cha Nyororo. Katika ruko lake la kwanza alipotea kwa mawingu na kuteremka kwenye kisiwa kingine, kisha akarudia hata akaiona Königsberg ilipo, na mwezi Desemba 1914 akaanguka mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1915 zilikuja ndege za majini za Sopwith, zikashindwa na joto na unyevu vilivyozilegeza mbao na gundi. Zikafuata za Short, ambazo zilipanda kwa shida na kuruka chini kiasi cha kufikiwa na risasi za bunduki, lakini mwezi Aprili rubani John Cull alifanikiwa kurudi na picha za manowari ile. Mwisho zilikuja ndege za nchi kavu, Caudron na Henri Farman, zikawekewa uwanja Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa Januari.

Hatima ya kisa inajulikana. Manowari mbili bapa zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zilivutwa kutoka Malta hadi Mafia. Zikaingia deltani kwa mlango wa Kikunja tarehe 6 Julai 1915 na kurejea bila ya kumaliza kazi, kisha zikaingia tena tarehe 11 Julai. Zilipiga kutoka masafa ya kilomita kumi hivi, zikilenga kitu wasichokiona wapigaji, wakiongozwa kwa redio na ndege iliyokuwa juu. Nao Wajerumani walijibu kwa kuongozwa na watazamaji wao waliojificha ndani ya mikoko. Siku ile ya pili ndege ya Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, nao, huku wakishuka kuelekea mtoni na injini imekufa, waliendelea kupeleka masahihisho ya shabaha hata makombora yakaipata Königsberg. Looff aliilipua manowari yake mwenyewe. Mizinga yake ikatolewa majini ikaenda kupigana nchi kavu, na mmoja wao umesimama hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kuipatanisha delta ya leo na ya 1915

Sasa tuseme kijana wa Dar es Salaam au Mombasa ameazimia kuijenga delta ile katika simuleta kama ilivyokuwa asubuhi ya tarehe 11 Julai. Nchi anayo tayari, kwa kuwa ulimwengu mzima umo; lakini nchi hiyo si yake bado. Akivichukua vimo vya rada kama vilivyo, ataikuta delta, ambayo kwa hakika ni tope lililo karibu na usawa wa bahari, imeinuka kwa mita kumi na zaidi mahali ilipo mikoko mirefu, kwa kuwa rada ilipima vilele. Na akiotesha miti ya simuleta juu ya kimo hicho, msitu utakuwa umehesabiwa mara mbili, na Königsberg itakuwa imezikwa ndani ya korongo ambalo halijapata kuwako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa kimo cha msitu, kuirudisha nchi chini hata ifikiwe na bamvua, na ndipo aipande mikoko kwa kimo chake cha haki.

Kazi ya pili ni mikondo. Mto Rufiji haukai kitako. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 sehemu kubwa ya maji yake ilihamia upande wa kaskazini wa delta, na upande huo ndio ule ule zilimopita Severn na Mersey. Kwa kuja maji matamu mengi, watu walifyeka mikoko huko na kulima mpunga, nayo mikondo mingine ikapanuka na mingine ikajaa tope. Yaani medani ya 1915 iko katika sehemu ya delta iliyogeuka kuliko nyingine. Hapa picha ya setilaiti haina msaada. Inabidi mtu aende kwenye ramani za Wajerumani za nchi yao ya Afrika ya Mashariki, zilizochorwa kwa kipimo cha 1:300,000 chini ya Sprigade na Moisel, aende kwenye ramani za bahari za Waingereza, na aende kwenye taarifa za manowari na picha za marubani.

Ramani kongwe nazo hazilali juu ya mpya kwa wepesi. Wapimaji wa zamani walikosea longitudo kidogo, karatasi hukunjamana, na vipimo vya msingi vilikuwa vingine. Dawa yake ni kutafuta mahali ambapo hapakugeuka, pakaonekana katika ramani zote mbili, pakatiwa alama, kisha kompyuta ikaivuta ramani kongwe hata alama zikutane. Ulaya alama hizo ni makanisa, njia panda na madaraja ya mawe. Rufiji hakuna jengo la mawe katikati ya tope. Basi mtu hana budi kushika ncha za matumbawe za Mafia na visiwa vyake upande mmoja, na vilima vya Kichi upande wa bara, kisha aipime delta iliyo katikati kwa kutegemea pande hizo mbili, huku akijua kwamba kadiri anavyoziacha alama zake ndivyo yakini yake inavyopungua.

Kazi ya tatu ni maji. Simuleta nyingi huyachora maji ya bahari katika kimo kimoja, mchana na usiku, mwaka mzima. Na kila mtoto wa pwani ajua kwamba bahari yetu haiko hivyo. Katika pwani hii bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na katika delta iliyo tambarare mita tatu ndizo zinazotenga mkondo wa kupita manowari na tope la kupita kaa. Königsberg iliingia kwa kungojea maji, na manowari zile mbili bapa ziliingia kwa kuyahesabia maji. Bahati njema, mwendo wa mwezi na jua haubadiliki kwa matakwa ya watu, na wataalamu waweza kuhesabu kurudi nyuma wakajua maji yalijaa saa ngapi siku fulani ya 1915, kama vile simuleta yenyewe iwezavyo kuliweka jua mahali lilipokuwa saa ile. Mtunzi asiyeweza kuyafanya maji yapande na kushuka, na aweke walau kimo cha saa ya vita, wala asiweke kimo cha saa ambayo setilaiti ilipita.

Kazi ya nne ni vilivyosimama. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liondoke. Mabati yanayong'aa yaondoke, kwa kuwa paa za vijiji vile mwaka 1915 zilikuwa za makuti, ambazo kutoka angani hazitofautiani sana na rangi ya nchi, na tofauti hiyo humbadilishia rubani namna ya kujua alipo. Na mikoko isiwe mti mmoja uliorudufiwa mara milioni: mchu hupenda mahali pake, mkoko pake, msinzi, mkandaa na mkomafi pake; nao wakata boriti, ambao kwa karne nyingi walizipakia katika majahazi ya kwenda Arabuni na Ghuba, walichagua aina na unene, na kwa hiyo msitu ule ulikuwa na njia, mianya na vituo vya watu ambavyo picha ya juu haivionyeshi. Elimu hii haimo katika maktaba za London wala Berlin. Imo katika vichwa vya manahodha na wakata miti wa delta, na mtunzi mwenye busara ataanza kwao.

Baada ya yote hayo huja mtihani, nao ni mtihani mzuri kwa kuwa historia yenyewe ndiyo inayosahihisha. Mtunzi ajiweke mahali pa sitaha ya Severn: akiiona Königsberg kutoka hapo, ramani yake ni batili, kwa kuwa wapigaji hawakuiona. Ajiweke nje ya mlango wa delta: asipoweza kuziona ncha za milingoti kutoka mahali popote, mikoko yake ni mirefu kupita kiasi. Ajiweke katika ndege ya Farman juu ya mto: manowari na milipuko ya makombora vikionekana wazi hata pale msitu unaposogea ukingoni, basi kimo, mti na mwanga vimeafikiana. Kila taarifa iliyoandikwa na aliyekuwako ni swali, na kila swali ambalo ramani hulijibu sawasawa huiongezea ithibati.

Dhima ya mchora ramani

Huenda mtu akauliza kwa nini shida yote hii ya kupatanisha mkondo na mkondo, mti na mti, kwa ajili ya jambo ambalo wengi watalitumia kwa kujifurahisha jioni. Jibu langu ni kwamba watu wa leo, na watoto wao zaidi, hujifunza mambo ya kale kwa macho kabla ya kujifunza kwa vitabu, na picha iliyokwisha kuingia machoni haitoki kwa urahisi. Kijana aliyeruka juu ya Rufiji tupu, isiyo na kijiji wala mtumbwi, ataamini kwamba Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi isiyo na watu; ilhali watu walikuwako, wakivua, wakilima mpunga, wakikata boriti, na vita vile viliwachukua wapagazi na askari kutoka katika nchi zetu zote, wengi wao wasirudi makwao. Kijana aliyeruka juu ya Normandy isiyo na matuta atawadhania waliokufa pale kuwa walikuwa wazembe. Ramani isiyo sahihi haiishii katika kukosea mahali. Huwahukumu watu kwa mambo wasiyoyatenda.

Kwa sababu hiyo insafu yataka mchora ramani atenge vitu vitatu na kuvionyesha waziwazi kwa mtumiaji: alichokipima, alichokitoa katika ushahidi wa zamani, na alichokikisia kwa akili. Hakuna aibu katika kukisia, madhali kisio kimeandikwa kuwa kisio. Mwanahistoria hufanya hivyo katika kitabu chake, na mchora ramani ya simuleta, apende asipende, amekwisha kuwa mwanahistoria.

Nasi watu wa pwani na bara tuna nafasi hapa ambayo haitatufuata nyumbani. Nyaraka za zama za Wajerumani ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wazee wanaokumbuka delta kabla ya mto kuhama wako hai bado. Na vijana wenye ujuzi wa kompyuta tunao, tena wengi. Watunzi wa ng'ambo wataijenga Rufiji siku moja kwa data za setilaiti, na wataijenga vizuri kwa kadiri ya data hizo. Lakini delta iliyojengwa na mtu ajuaye bamvua na maji mafu, ajuaye mchu na mkandaa, na aliyewauliza wenyeji mto ulipita wapi, itakuwa na hakika ambayo chombo cha angani hakina namna ya kuipima. Na tuianze kazi hiyo wakati waulizwa wangalipo.